Viwanda vya chakula cha mifugo vilazimishwe kupima kila bechi (kila mkupuo unaochanganywa)?

MfugajiHalisi: Wadau tuongee hili. Msimamo wangu gunia lisitoke kiwandani kabla bechi haijapimwa maabara, sumukuvu (sumu ya ukungu) na protini, na majibu yabandikwe kwenye gunia. Lebo inasema protini 18%, nani kapima? Na nyie mnaojichanganyia nyumbani, beleshi na sakafu sio chakula hicho, ni kamari.

MamaVifaranga: Kamari?? Nimesomesha watoto kwa beleshi hilo hilo. Mahindi nachambua mwenyewe, yenye ukungu hayaingii, mashudu nayanusa kabla sijalipa. Kiwandani nani anakuonyesha alichosaga? Msitudharau.

Maabara_Tu: Dada yangu, kuchambua ni kuzuri ila sumukuvu haionekani, punje inaweza kung'aa na sumu imo, na joto la kutengenezea peleti (chakula kilichoshindiliwa vipande) haliimalizi. Uingereza 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga, ndio wanasayansi wakaanza kuifuatilia hiyo sumu. Ng'ombe akiila inatokea kwenye maziwa. Ila mleta mada na wewe, kupima peke yake hakutoshi, sumu inakaa mafungu mafungu, ukichota sampuli kona moja ya lori majibu yanakuja safi na lori zima ni chafu.

kifaranga7: protini nayo mnaiamini bure, wanapima naitrojeni wanazidisha mara 6.25 basi, mtu akitia yurea, mbolea yenye naitrojeni, namba inapanda. si ndio ile melamini ya China, kemikali yenye naitrojeni nyingi, kwenye maziwa, 2007 sijui

Maabara_Tu: Maziwa ni 2008. 2007 ilikuwa chakula cha mbwa na paka Marekani, malighafi ndio ilitoka China.

MfugajiHalisi: Sasa si mnanipa hoja! Mama, premiksi (vitamini na madini) inaingia kilo chache tu kwenye tani nzima, kwa beleshi utaisambazaje kila kuku aipate?

MamaVifaranga: Naichanganya kwanza na pumba kidogo, naongeza pumba, naongeza tena, ndio namwaga kwenye rundo kubwa na kugeuza mpaka rangi iwe moja. Wewe umeshawahi kushika beleshi au unatusomea tu?

Maabara_Tu: Hapo mama yuko sahihi kabisa, hata viwandani wanaanza hivyo.

MfugajiHalisi: Mimi nimefuga muda mrefu, tusiulizane nani kashika nini.

JogooLaKijiji: Mashine zenyewe za kuchanganyia (mikisa) nyingi hazijapimwa tangu zifungwe. Chota sampuli kumi sehemu tofauti za bechi moja upime chumvi, zikipishana zaidi ya asilimia 10 hiyo mikisa haichanganyi, panga zimelika au mnaizima mapema. Kabla ya kumsema mwenye beleshi tuanzie huko.

MamaVifaranga: Asante Jogoo. MfugajiHalisi, lile neno kamari nasubiri ulifute.

kifaranga7: na mkiacha ugomvi, hiyo maabara analipa kiwanda au sisi?