Serengeti kutokea Mwanza kwa RAV4, hema na watoto wawili: tupange vipi?

BintiZiwa
Habari wakuu. Tuko wanne, watu wazima wawili na watoto wa miaka 4 na 9. Tunataka kuingia Serengeti kwa gari letu, RAV4 ya zamani yenye 4WD, kupitia geti la Ndabaka. Wazo la sasa ni Februari ili tuone nyumbu wakizaa, tulale kwenye hema usiku mbili Seronera, katikati ya hifadhi. Naomba ushauri wa muda, malipo, gari na kambi.

MzeeWaNyika
Dada, Februari iweke pembeni. Nyumbu wanazalia nyanda za majani mafupi za Ndutu, kusini kabisa, na wewe unaingilia magharibi. Ndabaka mpaka Seronera ni karibu km 140, kisha Ndutu ni safari nyingine ya nusu siku kwenda na kurudi. Na sehemu kubwa ya uwanda ule iko Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake na malipo yake. Kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa linalosimamia Serengeti, hakikufikishi huko.

Nendeni Juni. Kati ya mwisho wa Mei na Juni makundi hupita ukanda wa magharibi kuelekea mto Grumeti, yaani upande wenu, mvua za masika zimekatika na shule zimefunga. Nyumbu hufuata mvua, hawafuati kalenda, kwa hiyo ulizia askari wa geti wako wapi wiki hiyo. Hata wakiwa wameshapita, Seronera haikosi wanyama mwaka mzima. Chui hulala juu ya miyegea na migunga kandokando ya mto Seronera. Usitafute chui mzima, tafuta mkia unaoning'inia.

Karani_wa_Geti
Kwenye malipo watu wanapigwa na saa. Kibali ni cha saa 24 tangu muda mlioingia, hakihesabu siku ya kalenda. Mkiingia Ijumaa saa 3 asubuhi, siku mbili zinaisha Jumapili saa 3 asubuhi. Ila Seronera hamwezi kuondoka kabla ya saa 12 alfajiri, na mpaka Ndabaka ni mwendo wa saa nne hadi tano. Hapo mmeshachelewa, mnadaiwa siku ya tatu, watu na gari.

Kwa hiyo msikimbilie geti asubuhi. Ingieni kama saa 6 mchana, nendeni moja kwa moja Seronera mfike kabla ya giza, na Jumapili muondoke saa 12 kamili. Soma saa iliyoandikwa kwenye kibali kabla hujatoka dirishani.

Geti halipokei pesa taslimu. Unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na mtandao ukisumbua unakaa palepale. Weka salio mapema. Beba vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto (chini ya miaka 5 haalipi, 5 hadi 15 ana bei yake) na kadi ya gari, maana ada ya gari inafuata uzito wake. Viwango hubadilika Julai mosi, mwaka wa fedha unapoanza, kwa hiyo angalia jedwali la TANAPA la mwaka husika.

FundiShokapu
Mpango wa saa 6 mchana ni mzuri kwenye karatasi. Pancha moja tu inaula. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, siku ya tatu haimuumizi kama mgeni wa dola. Mimi ningeilipia tangu mwanzo, nitembee kwa amani, badala ya kupiga mbio kwenye barabara yenye rasta, yale matuta madogo madogo yanayotikisa gari. Mwisho wa mwendo ni km 50 kwa saa.

RAV4 inatosha wakati wa kiangazi kwenye barabara kuu. Wakati wa mvua, hapana: udongo mweusi wa ukanda ule unajaza kashata za tairi, gari linateleza kama liko kwenye sabuni, na 4WD haikusaidii. Beba spea mbili, pampu, na ubao wa kuweka chini ya jeki, vinginevyo jeki itazama. Kwenye rasta punguza upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 26 hivi, na jioni kaza nati za tairi.

Mafuta jaza Lamadi. Kwenda na kurudi ni km 280, mizunguko weka 150, jumla 430. Kwa km 8 kwa lita unahitaji lita 54, na tangi lako halizidi lita 60. Seronera kuna kituo, lakini usikitegemee.

BintiZiwa
Asanteni sana. Juni basi, na siku ya tatu tunalipia. Kambini kuna uzio? Mdogo anaamka usiku kwenda chooni.

MamaHema
Hakuna uzio, mdogo wangu. Fisi wanapita katikati ya mahema. Mtoto awe na ndoo ndani ya hema, usiku hatoki mtu. Viatu viingie ndani, fisi hutafuna ngozi. Chakula chote kilale ndani ya gari, vioo juu, hata ndizi moja isibaki hemani, maana nyani wanachana turubai mchana kweupe. Kupikia beba gesi, kuokota kuni hifadhini ni kosa. Na chakula msifungashe kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani. Mbung'o wanazifuata, na vichaka vya upande wa Grumeti wanavyo tele. Wanafuata pia gari linalotembea, kwa hiyo mkiwaona pandisheni vioo kwanza, mengine baadaye.