Mrejesho: mwanangu niliyeambiwa ana utundu uliopitiliza

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ndiye niliyeomba ushauri kuhusu mwanangu wa miaka 6: anapiga wenzake, hatulii darasani, ukimwita ni kama unaongea na ukuta. Daktari wa kwanza alimtazama dakika 10 tu, akasema ni tatizo la umakini na utundu, tuanze dawa. Mlinisihi nitafute maoni ya pili. Nimefanya hivyo, asanteni mno.

Daktari wa sasa alikaa nasi karibu saa nzima. Aliuliza habari za usingizi, ujauzito, lugha, na mwalimu naye akapewa fomu ajaze, kwa sababu tatizo lile halithibitishwi mpaka dalili zionekane sehemu zaidi ya moja, kwa miezi 6 au zaidi. Kisha akasimama nyuma ya mtoto, akamwita kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Akamwita tena. Mtoto akaendelea kupanga vizibo vyake mezani. Machozi yalinitoka.

Vipimo vimeonyesha majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Kumbe siku nyingine anasikia, siku nyingine hasikii, nami nilimchapa nikidhani ni kiburi. Linaniuma hadi leo.

Mara nyingi majimaji hayo huisha yenyewe, kwa hiyo atapimwa tena baada ya miezi 3. Yasipoisha, atawekewa vijibomba vidogo kwenye ngoma za masikio ili majimaji yatoke. Suala la umakini halijafutwa, litaangaliwa upya akishasikia vizuri. Shuleni amehamishiwa dawati la mbele. Wiki hii hajapigana na mtu.