Kumbe mjomba ndiye alikuwa nyoka? Nimemaliza San Andreas ukubwani

Mtoto wa Ngarenaro:
Wakuu, kuna kitu kimenikwama kooni tangu Jumapili.

GTA San Andreas, ile gemu ya magenge, nilianza kuicheza 2006, darasa la tano, kibanda cha gemu pale Ngarenaro. PlayStation 2 mbili, padi moja kitufe cha X kimezama. Mia moja, dakika kumi. Memori kadi hakuna, kwa hiyo kila siku CJ, yule unayemchezea, anashuka upya kutoka Liberty City kuja kumzika mama yake, mnapanda baiskeli, Ballas, genge la maadui, wanawakimbiza, hela imeisha. Jumamosi ukiwa na mia tano unafika ile misheni ya kununua chakula. Basi.

Kiingereza hatujui. Kaka wa kibanda ndiye alikuwa anatutafsiria, kama wale wa mabanda ya video, na alituambia Big Smoke ni mjomba wake CJ, ndugu wa marehemu, kumbe ni mwenzake wa genge tu. Tukampenda. Mnene, kofia, miwani, maneno mengi. Kuna rafiki yetu wa Sakina mpaka leo tunamwita Smoke, kwa heshima kabisa.

Mwezi huu nimeipakua kwenye simu. Inasevu, na maandishi ya chini nayasoma. Nikafika The Green Sabre. Cesar, mchumba wa dada yake CJ, anamwita CJ waangalie kitu kwa mbali: lile gari la kijani lililotumika kumuua mama, Ryder wa genge letu, Tenpenny yule askari mla rushwa, na mjomba katikati yao.

Nikaweka simu kwenye kochi. Wife akauliza nani kafariki.

Hivi dalili zilikuwepo, au ni utoto wetu?

Fundi wa Majengo, Moshi:
Pole mkuu. Zilikuwepo, tena kwenye hiyohiyo misheni ya chakula. Ballas wanapita, risasi zinarushwa, wenzake wote wanajibu, Smoke anakula. Sisi tukacheka, tukasema mlafi. Halafu anakaa wapi? Kahama Grove Street, mtaa wa kina CJ, yuko Idlewood, mtaa wa Ballas!

Dada K:
Kaka zangu walikuwa wanaingiza chiti tu, kinashuka kifaru, wanaponda magari. Hadithi nimeijua ukubwani. Mimi wa kunishtua ni Tenpenny. Mambo yote ya kwenye gemu ni ya 1992. Anaachiwa na mahakama, Los Santos, mji wa kwenye gemu, inawaka. Na Los Angeles yenyewe iliwaka mwaka huohuo, kuanzia Aprili 29, baada ya askari waliompiga Rodney King, Mmarekani mweusi, kuachiwa kwenye kesi. Hawakuitoa hewani.

Fundi wa Majengo, Moshi:
Mwisho umefika lakini?

Mtoto wa Ngarenaro:
Jana usiku. Jumba zima la unga, yaani dawa za kulevya (si Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha), napanda ghorofa kwa ghorofa, nafika juu namkuta Smoke kavaa fulana ya kuzuia risasi, anacheza gemu. Kashika padi yake mwenyewe, wala hakuna wa kumwambia dakika zako zimeisha.