Bi Hawa Mohamed alishinda hoja akakosa mali: hukumu ile inamsaidiaje mke asiye na risiti?

Kaka wa Mlalamikaji:

Ndugu zangu mnaoifahamu sheria, naomba mnisaidie kulielewa jambo lililotukalia vibaya nyumbani. Dada yangu ameachana na mumewe baada ya ndoa ya miaka 19, na mahakama ya wilaya, katika kugawa mali, imempa asilimia 15 ya thamani ya nyumba waliyokuwa wakiishi, huku duka la vipuri likibaki lote kwa aliyekuwa shemeji yangu. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuthibitisha mchango wake. Ni kweli hana risiti hata moja, kwa kuwa tangu aolewe hakuwahi kuajiriwa. Lakini mimi mwenyewe nilikuwapo msingi ulipochimbwa: dada ndiye aliyeteka maji ya zege kwenye kisima cha jirani huku mtoto akiwa mgongoni, ndiye aliyewapikia mafundi ugali na maharage kila mchana, na ndiye aliyeandika idadi ya mifuko ya saruji katika daftari ili isichomolewe.

Hukumu ilipokwisha kusomwa nilimfuata wakili wa upande wa pili nje ya mahakama, kwa hasira, nakiri, nikamwambia kwamba tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa ni mchango. Akanijibu kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, hukumu hiyo umeisikia, hujaisoma. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu." Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona kila mtu huitaja kama ushindi wa wanawake? Niongeze kwamba kiwanja alikinunua mume mwaka mmoja kabla ya ndoa. Tumebakiwa na siku chache za kuamua kama tukate rufaa.

Mzee wa Masjala:

Pole kwako na kwa dada. Nimefanya kazi za masjala ya mahakama kwa miaka mingi, na nikuambie kwamba wakili yule hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari.

Shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ni Rufaa ya Madai Namba 9 ya mwaka 1983, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Wakati huo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, hivyo hakuwezi kumpa fungu katika mali; wengine waliona kwamba maneno "juhudi za pamoja" katika kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni mapana kiasi cha kuzibeba kazi hizo. Mahakama ya Rufani ilichagua mtazamo wa pili. Ilijiuliza sheria ile ilitungwa ili kuponya tatizo gani, ikaona kwamba tatizo lenyewe lilikuwa ni mke kutoka mikono mitupu baada ya kuitumikia nyumba, na kwamba tafsiri finyu ingelirudisha tatizo lile lile kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo ushindi ulipo, na haujatenguliwa hadi leo.

Sasa kuhusu Bi Hawa mwenyewe. Katika ushahidi ilionekana kwamba mumewe aliwahi kumkabidhi fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitapanya. Mahakama ikaona kwamba kile alichostahili kwa kazi zake za nyumbani alikuwa amekwisha kukipata kwa njia hiyo, ikaitupa rufaa yake. Kwa hiyo alikosa kwa sababu ya hesabu za shauri lake mwenyewe, wala si kwa sababu kazi za nyumbani hazina thamani. Anayeitaja hukumu ile ili kumnyima mke ambaye hakutapanya chochote anaisoma kinyumenyume.

Kuhusu kiwanja, msitishike. Kifungu hicho hicho cha 114, kwa namba za toleo la sheria la mwaka 2019, kina kijifungu cha tatu kinachosema kwamba mali ya ndoa inajumuisha pia mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi zao wote wawili. Kiwanja kitupu na nyumba iliyosimama juu yake ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wakili Mdogo:

Naungana na mzee, lakini naomba niwapunguzie matumaini kidogo, kwa kuwa mara nyingi watu hukata rufaa wakidhani wanakwenda kusimulia upya.

Kanuni ya Bi Hawa inafungua mlango. Haisemi fungu ni asilimia ngapi. Katika Rufaa ya Madai Namba 102 ya mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kiwango cha mchango wa kila upande ni suala la ushahidi, na mahakama itategemea kile ambacho wahusika wenyewe walikithibitisha. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Kisha, baada ya kuyatazama hayo, ielekee kwenye usawa wa mgawo. Tazameni vizuri neno "kazi", kwa kuwa limetajwa sambamba na fedha, na hakuna mahali sheria inaposema kwamba kazi huthibitishwa kwa risiti. Shahidi aliyeona kwa macho yake anatosha, mradi aliletwa mahakamani na maneno yake yakaandikwa.

Hapo ndipo penye swali langu kwako. Rufaa ya kwanza huendeshwa juu ya kumbukumbu. Jaji wa Mahakama Kuu anayo mamlaka ya kuupima upya ushahidi wote na kufikia hitimisho lake mwenyewe, lakini anaupima ule uliomo katika mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yale yaliyosemwa na kutolewa mahakamani, na kupokea ushahidi mpya katika hatua hiyo ni jambo la nadra sana. Mkipanda hadi Mahakama ya Rufani mambo hubana zaidi, maana mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya ukweli wa tukio, ya tatu haiuingilii ovyo. Je, lile daftari la saruji lilitolewa kama kielelezo? Na nani mwingine alitoa ushahidi?

Jambo la pili: hakikisheni kama baraza la usuluhishi wa ndoa lilitoa hati yake, ile Fomu Namba 3, kabla shauri halijafunguliwa. Katika Rufaa ya Madai Namba 246 ya mwaka 2019 mahakama iliona kwamba shauri lililofunguliwa bila kupitia barazani lilifunguliwa kabla ya wakati wake, na mwenendo wote ukabatilishwa. Ni uchungu kushinda hoja ya mali halafu kuambiwa anzeni upya.

Msomaji wa Mombasa:

Niwaongezee la upande wetu, maana nimeona mtu akisema mahali pengine kwamba Kenya ni nusu kwa nusu. Sivyo. Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, katika ndoa na inapovunjika, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inautaja mchango usio wa fedha kwa uwazi, ukiwemo utunzaji wa nyumba, malezi ya watoto na kazi ya shambani. Hata hivyo, Mahakama ya Upeo, katika uamuzi wake wa Januari 2023 katika shauri la JOO na MBO, ilisema kwamba usawa wa haki haumaanishi kila mmoja kuchukua nusu moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe. Lakini katika shauri lilo hilo, mke ambaye Mahakama Kuu ilikuwa imempa asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha alibaki na nusu aliyopewa na Mahakama ya Rufaa, kwa kuwa ushahidi ulimbeba. Naona njia zetu zinakutana hapo, ijapokuwa sheria ni mbili. Hukumu ya Kenya haiifungi mahakama ya Tanzania, ila wakili anaweza kuitaja kwa ushawishi tu.

Kaka wa Mlalamikaji:

Nawashukuru sana. Jana nimekwenda kuchukua nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, nikausoma usiku kucha. Hati ya baraza ipo. Daftari halikutolewa, liko kabatini kwa dada hadi leo, na kila nikiliona nauma kidole. Lakini katika kurasa za ushahidi wa upande wetu nimemkuta fundi aliyejenga nyumba ile, mzee ambaye nilikuwa nimekwisha kumsahau. Maneno yake yameandikwa hivi: "Mama huyu ndiye aliyekuwa akitupimia saruji asubuhi na kutuhesabia tofali jioni. Mwenye nyumba alikuwa anashinda dukani." Nimeirudia hukumu mara tatu. Fundi ametajwa jina mahali pamoja tu, katika orodha ya mashahidi, na baada ya hapo hakuna sentensi hata moja inayoeleza kama aliaminiwa au hakuaminiwa.

Wakili Mdogo:

Basi hiyo ndiyo sababu yenu ya kwanza ya rufaa: kwamba mahakama ya chini haikuupima ushahidi wa shahidi huyo, na haikueleza kwa nini imeuacha. Iandikeni kabla ya hoja ya Bi Hawa, kwa kuwa kanuni bila ushahidi huelea. Siku ni 45 tangu uamuzi ulipotolewa, na rufaa ya kwenda Mahakama Kuu huwasilishwa kwenye mahakama ile ile iliyotoa hukumu. Leo ni siku ya ngapi?

Kaka wa Mlalamikaji:

Ya 33. Jumatatu tutakuwa dirishani kabla hawajafungua.