Simu kwenye ngoma ya unyago: tunaburudika au tunaanika watu? Karibuni tujadili

Habarini wanakusini na majirani wote. Hili nimeshaligombania kwenye grupu la familia hadi watu wawili wakajitoa, na bado sijaridhika, so nalileta hapa.

Mwaka jana baada ya mavuno tulikuwa na shughuli ya kutoa mwali huku kwetu Mtwara vijijini, njia ya Nanyamba. Shangazi yangu, miaka sitini na ushee, akaingia uwanjani, na huyo shangazi akicheza anacheza kweli, ukimuona unasahau kwamba asubuhi alikuwa analalamika magoti. Sasa katikati ya mzuka akajikwaa kwenye waya wa spika akaenda chini mzima mzima, akainuka, akafunga kanga, akaendelea kama hakijatokea kitu. Tulicheka wote na yeye akacheka. Shida ni binamu yangu alikuwa anarekodi, akaweka stetasi, mtu akaidaunlodi akaipeleka TikTok, huko ikawekewa mlio wa breki za lori, na wiki haijaisha ikaturudia kutoka magrupu ya Dar ina ile mishale miwili ya kusambazwa mara nyingi. Na nyuma ya shangazi wanaonekana watoto wawili waliokuwa wanatolewa siku ile, darasa la tano, nyuso wazi kabisa.

Binamu anasema amefuta. Kafuta nini sasa, stetasi yenyewe inajifuta baada ya masaa 24 hata usipoigusa, kilichobaki kiko kwenye simu za watu ambao hatuwajui.

Msimamo wangu ni huu. Watu wanasema faragha ni mambo ya wazungu na makampuni yao ya mitandao, wakati sisi tuna unyago na jando, yaani toka enzi za bibi zetu tunajua nani anaona nini. Asiyechezwa, yaani asiyepitia unyago, haingii. Mwanaume haingii kwa wanawake, na ya kumbini hayasimuliwi barazani. Sasa simu ni mtu asiyechezwa, tena tumemuingiza wenyewe na amekuja na wageni wake wote nyuma. Nakosea wapi?

BAHARIA WA FERI
Dada unakosea hapa: ya ndani ni ya ndani, hiyo ya uwanjani ni ya wote. Spika zinasikika mpaka kijiji cha pili, watu wa mnadani wanapita wanaona, halafu mtu akirekodi ndio anaanika? Dunia nzima ndio inavyocheka siku hizi. Kili Paul kaanza na simu na mavazi yake ya Kimasai, akawa anafuatisha nyimbo za Kihindi, mwaka 2022 ubalozi wa India hapa nchini ukamuita kumpa heshima. Na kuna ile klipu ya Uingereza ya 2007, mtoto anamng'ata kaka yake kidole, baba mtu aliiweka YouTube ili tu rafiki yao aliyekuwa Marekani aione, mwaka 2021 wakaiuza kwa zaidi ya dola 760,000. Huyo shangazi mngemfungulia akaunti saa hizi angekuwa anaezeka bati. Tupunguze kununa.

KOROSHO GHAFI
Nimeshindwa kujizuia, "akafunga kanga akaendelea" 😂😂 mpeni salamu zangu bi mkubwa

MWALIMU WA MASASI
Nichangie upande wa sheria maana watu wanaitaja bila kuisoma. Katiba ibara ya 16 inamhakikishia kila mtu faragha ya nafsi yake na familia yake. Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za watoto humo zinahesabika nyeti, kwa hiyo hapo kwa wale watoto wawili mimi sioni cha kujadili. Kwa shangazi ndio pagumu. Watu wanakimbilia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote, lakini kile kifungu kinataka uwe umemtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Binamu hakumtumia shangazi kitu wala hakuwa na nia hiyo, alikuwa anafurahi. Sasa utamfunga mtu kwa kufurahi?

MKE WA MVUVI, KILWA
Baharia kaka yangu, mifano yako yote miwili inakukataa. Kili Paul kajirekodi mwenyewe, na ile familia klipu ni yao wakauza wao. Huyu mama hata kipande cha sabuni hajapata.

Mi nataka kuongelea utani, maana najua kuna mtu atasema kusini tuna utani, kucheka mtu ni kawaida. Ni kweli, watani wanakuja mpaka msibani wanamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na wafiwa wanacheka machozi yanatoka. Ila mtani namjua, kwao napajua, na kesho zamu yangu namrudishia. Huyo aliyeweka breki za lori nitamrudishia wapi? Mtu anayekucheka na wewe huwezi kumcheka huyo sio mtani wako.

BAHARIA WA FERI
Hapo kwenye utani umenishika kidogo. Ila bado nauliza, mwenye mali amesema nini? Maana hapa tunamlilia mtu ambaye labda hana neno.

MWENYE MADA
Swali la haki Baharia. Nilimuonyesha mimi mwenyewe, tumekaa kwenye mkeka tunabangua korosho. Akaangalia mara ya kwanza akacheka hadi akaacha kubangua. Akaomba tena. Ya tatu hakucheka, akaniuliza hii namba ya chini ni nini, nikamwambia ni watu walioangalia, elfu arobaini na. Akanyamaza. Akasema, "Wanaume wamo?" Nikasema wamo. Akasema basi mwambie huyo mtoto aje. Binamu mpaka leo hajaenda, anapitia njia ya kule shambani.

Na nyakanga, mkuu wa unyago wetu, habari imemfikia. Kasema msimu huu kutakuwa na kikapu mlangoni, kila anayeingia anaweka simu, na uwanjani watarekodi watu wawili tu wa kuchaguliwa, watoto hawaonyeshwi sura. Kuna akina mama washaanza kulalamika eti watapigiwaje na waume zao.

KOROSHO GHAFI
Hicho kikapu nani anakilinda? Simu yangu ya mkopo hiyo, sijamaliza rejesho

MWENYE MADA
Shangazi kajitolea yeye.