Tupeane uzoefu: safari ya gari-nyumba na mbwa kwenye nchi kame

Dereva Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Nyuzi za safari humu zimejaa, ila za watu waliosafiri na mbwa sijaziona, na waliokatiza nao jangwani ndio kabisa. Mimi niko Arizona, nimesukuma malori mpaka mgongo ukakataa. Sasa mimi na mama watoto tuna gari-nyumba na mbwa wawili: Simba, mwenye damu ya German Shepherd, na Bibi, kibonge mwenye pua bapa tuliyeachiwa na binti yetu alipokwenda chuo. Naanza mimi, na nyie mshushe zenu.

Njia yetu ni US-50, ile inayoikata Nevada. Mwaka 1986 jarida la Life liliiita barabara ya upweke kuliko zote Marekani. Wenyeji badala ya kununa wakaligeuza jina hilo kuwa biashara, mpaka vibandiko wanauza. Kutoka Fallon mpaka Austin ni kama kilomita 177, na katikati hapo vituo vya kula na kunywa ni vya kuhesabu. Unapanda mlima, unashukia bonde jeupe, unapanda tena. Simu inabaki kuwa saa ya mkononi. Usiku tunalala kwenye ardhi ya umma, ile inayosimamiwa na serikali kuu. Sehemu nyingi wanakuruhusu mpaka siku 14 bila kulipa, mradi uondoke na uchafu wako.

Sasa kwenye mbwa. Hifadhi nyingi za taifa huku hazimtaki mbwa kwenye njia za miguu. Death Valley anaruhusiwa barabarani, kwenye maegesho na kambini basi, tena kwa kamba isiyozidi mita 1.8. Kwa hiyo mmoja wetu anakwenda kuangalia vitu, mwingine anabaki na mbwa, kisha tunapokezana. Kuna watu watakwambia muache garini kiyoyozi kikiunguruma. Mimi siwezi. Jenereta ikizima nawe uko kilomita mbili huko, gari lililofungwa hupanda karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu. Na pale ndipo lilipopimwa joto la nyuzi 56.7 mwaka 1913, kwa hiyo sisi huenda Januari, na bado mchana Bibi anakoroma mbele ya feni.

Anayetaka mbwa afurahi kweli aende White Sands, New Mexico. Mchanga wa kule ni jasi, haushiki joto kama mchanga wa kawaida, na mbwa wanaruhusiwa kwenye vilima wakiwa na kamba. Simba akifika pale anarukwa na akili.

Kitu cha Arizona cha kuogopa kuliko nyoka ni cholla, mpungate unaoangusha vipande vidogo vyenye miiba pande zote. Mbwa akikanyaga, kazi ya kwanza anayofanya ni kuking'oa kwa mdomo. Sasa una miiba ya mguuni na ya mdomoni. Usiguse kwa mkono, maana mwiba una vinundu kama ndoana na utahamia kwako. Chukua chanuo lenye meno mapana, lipitishe chini ya kile kipande, kibetue kwa nguvu mara moja kiruke mbali. Ile miiba inayobaki unaitoa mmoja mmoja kwa koleo. Mama watoto hushika kichwa cha Simba kwapani, taulo machoni, akimwimbia nyimbo za kwaya. Mimi na koleo. Chanuo letu linakaa kwenye droo ya vijiko.

Kijana wa Nanyuki

Asante sana mzee kwa kutufungulia. Wadau, huku Kenya gari-nyumba za kununua tayari ni pesa ndefu, kwa hivyo wengi wetu tunachukua HiAce iliyochoka na kuipeleka kwa fundi wa jua kali. Yangu ina kitanda, sinki, tenki la maji na sola mbili juu. Mbwa wangu ni mmoja, anaitwa Kamau, na ndiye mwenye kitanda.

Njia ni ya kaskazini: Isiolo, Archers Post, Laisamis. Lami ni safi hadi Moyale, lakini ukitaka Ziwa Turkana unakata kushoto Laisamis. Hiyo barabara ilipanuliwa kwa ajili ya kupitisha mitambo ya upepo, ile 365 iliyosimama karibu na Sarima. Si lami, na mawe yake yamenilia tairi. Beba spea mbili. Msiende na mbwa mkitarajia kuingia Samburu, Buffalo Springs au Shaba, mbwa haingii. Hata mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni hivyo hivyo. Sisi tunalala nje kwenye kambi za jamii.

Mambo matatu. Kwanza visima. Kisima cha kaskazini kina wenyewe na kina zamu. Nafika, nazima gari mbali, namwacha Kamau ndani, naenda kusalimia wazee. Maji ya mbwa nayatoa kwenye jerikeni yangu na bakuli lake. Kwenye birika la ngamia hakaribii. Hakuna aliyewahi kuninyima maji, na kwingine nimelazwa na chai juu.

Pili mawe. Ukishafika upande wa Loiyangalani ardhi ni mawe meusi ya volkano, saa nne asubuhi tu hayakanyagiki. Viatu vya mbwa nilivyoagiza mtandaoni viliisha haraka. Fundi viatu wa Marsabit alimpima Kamau miguu minne, akamshonea vingine kwa ngozi na mpira wa tairi, kamba mbili juu. Siku ya kwanza alitembea akiinua magoti kama askari wa gwaride, soko lote likasimama.

Tatu, ziwa. Maji yanavutia na mbwa amechoka na joto. Kuna mamba. Kamba mkononi hadi mrudi garini. Upepo wa usiku nao usiuchezee: kile kivuli cha turubai cha ubavuni nilikifunga kabla jua kuzama na bado gari lilitikisika hadi alfajiri.

Mgosi

Yaani mbwa ashonewe viatu na mimi bado nadaiwa kodi 😂. Endeleeni, nasoma.

Afisa Mifugo

Mgosi acha wivu.

Wakuu, naongezea upande wa tiba, na njia yangu ni ya nyumbani Tanzania: Itigi kwenda Rungwa hadi Makongolosi. Pori kavu, watu wachache, vumbi jekundu, na ndorobo, wale nzi wanaouma. Ndorobo wa kule wanafuata gari linalotembea, wanaingia dirishani. Si kero ya kuumwa tu: wanaeneza ugonjwa wa ndorobo, na mbwa huugua vibaya. Jicho likianza kuwa na ukungu wa bluu, homa inakuja na kuondoka, hali chakula vizuri, usisubiri safari iishe. Dawa ipo ikiwahiwa. Pale napita vioo juu hata kama tunatoka jasho, na kabla ya kuondoka mbwa anapakwa dawa ya kupe na nzi. Kupe nao wana yao: mkojo ukiwa rangi ya kahawa, mwahishe.

Kuhusu joto. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Wale wa pua bapa kama Bibi wa mzee hapo juu hawana hata hiyo njia ya kutosha. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 mpaka 39. Likipita 41 ni dharura. Utamwona ulimi umekuwa mwekundu wa kuiva, mate mazito, anayumba. Kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, halafu gari liondoke huku mkiendelea kummwagia. Msimfunike taulo lililoloa mkamwacha nalo, linafungia joto ndani. Kwa kunywa, mbwa wa kilo 30 pigia hesabu lita mbili kwa siku ya kawaida, na kwenye nchi kame beba mara mbili yake. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isikae chini ya godoro, ikae na leseni.

Bint Sharqiya

Assalaam aleikum. Mie niko Muscat, Oman. Gari-nyumba huku si nyingi, sisi twavuta karavani. Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, Muislamu na mbwa. Ni saluki, mbwa wa kuwinda, Mabedui wamekaa nao tangu na tangu. Ana mahala pake, na mie nina pangu pa kusalia.

Kiangazi watu wote wa huku wakimbilia Salalah kwenye manyunyu ya khareef, msimu wa mvua na ukungu wa huko, kuanzia Juni mpaka Septemba. Shida ni njia, kama kilomita elfu moja, na kutoka Adam kupita Haima ni tambarare tupu. Mchana wa Julai siipiti na mbwa. Twaondoka Adam baada ya isha, twalala alfajiri. Lakini usiku nao una ngamia, wasimama katikati ya njia na taa hawazijali, kwa hiyo mume wangu haendi mbio hata nyuma wapige honi vipi. Twafika Salalah kwenye ukungu, saluki hana nyama wala manyoya, atetemeka mpaka avishwe fulana.

Mpare wa Arusha

Mzee Dereva, shikamoo. Nakuja huko mwakani kwa dada yangu, naweza kuja na mbwa wangu nami nikaione hiyo US-50?

Dereva Mstaafu

Marahaba kijana. Unaweza, ila anza leo. Tangu Agosti 2024 mbwa anayeingia Marekani lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu mwilini, na fomu ya CDC, shirika la kudhibiti magonjwa la Marekani, ijazwe. Tanzania na Kenya ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjwa huko ana makaratasi ya ziada na hawezi kushukia uwanja wowote tu. Masharti yasome kwenye tovuti yao kabla ya kukata tiketi, maana hubadilishwa. Dada Bint Sharqiya, hiyo fulana ya saluki tuwekee picha.

Mgosi

Na viatu vya Kamau.

Kijana wa Nanyuki

Naziweka jioni, niko Laisamis napanga foleni ya pancha.