Kabati la chipibodi au la fundi? Gumzo la majirani, Langoni, Lamu

Mwanaisha: Asalaam alaykum jamaa. Nataka kabati la nguo la chumba cha chini. Kimo futi 6, upana futi 4, kina futi 2. Mombasa kuna la chipibodi la Uchina, la kuunganisha mwenyewe, shilingi 19,500. Fundi mmoja amenipigia hesabu ya 48,000, asema ni mbao ngumu. Baba ashikilia ninunue vitu vya kwetu, lakini 28,500 ya ziada si mchezo. Mwenye ujuzi anambie.

Famau: Waalaykum salaam. Kwanza hiyo 19,500 ifute. Weka lori hadi Mokowe, gati la bara, kupakia botini, kushusha gatini, kisha punda au mkokoteni mpaka mlangoni kwako. Kabati la kimo hicho huja maboksi mawili matatu mazito. Uliza kabla ya kulipa: pembe ikivunjika, hasara ya nani? Pembe ndiyo huanza, na duka litasema lilitoka zima. Turubai liwe juu ya maboksi safari nzima. Boksi likilowa, hesabu na ubao umelowa.

Mwalimu Shee: Mimi nimesimama kwenye "chumba cha chini". Nyumba ya mawe na chokaa?

Mwanaisha: Naam Mwalimu, ya zamani.

Mwalimu Shee: Basi la chipibodi hapana. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa chumbani, tena unyevu wenye chumvi. Chipibodi ni chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Usoni wamebandika karatasi ngumu, hapo maji hayapiti. Yanaingilia kingoni: ule ukingo wa chini unaokaa sakafuni, na ndani ya matundu ya skrubu. Ukishavimba haurudi hata ukiuanika. Kutoka hapo mlango unaburura, bawaba inang'oka, na ukirudisha skrubu palepale haina cha kuuma.

Nuru: Mwalimu, msizitie zote kapu moja. Sisi wauzaji twajua kuna bodi na bodi. Tazama ndani ya tundu lililotobolewa tayari. Zile za kustahimili unyevu mara nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani, ila kijani peke yake si ushahidi, taka maandishi ya bidhaa. Tafuta pia alama ya E1, maana yake gundi haitoi fomaldihaidi nyingi, ile hewa ya kemikali inayowasha. Ukifungua boksi macho yakawasha, usilale nalo chumba kimoja. Liache wazi penye upepo kwanza. Kwa chumba cha ghorofani chenye madirisha mawili, mtu aliyepanga, mimi simkatazi.

Famau: Aliyepanga atahama Nuru. Zile kufuli za kuzungusha kwa bisibisi, zinazounganisha bodi zake, hazipendi kufunguliwa. Mara ya pili zimelegea.

Nuru: Kweli. Na kabla ya kuhama, wengi huharibu siku ya kuunganisha. Ule ubao mwembamba wa nyuma, milimita 3, ndio unaolishika kabati lisiende upande. Watu huupiga misumari minne kisha wanashangaa milango haikutani. Pima pembe kwa pembe, kulia juu hadi kushoto chini na kinyume chake. Vipimo vilingane, ndipo upige msumari kila sentimita 10 kuzunguka.

Mwalimu Shee: Na bei isikudanganye ukadhani limepita bure bandarini. Tangu Julai 2022 fanicha kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko daraja la ushuru wa asilimia 35, na VAT asilimia 16 juu yake. Likitozwa yote hayo na bado likamshinda fundi kwa mbali, jiulize ubao wenyewe uligharimu nini.

Fundi Athmani: Mwanaisha mwanangu, mimi nauliza hiyo 48,000. Mbao gani? "Mbao ngumu" haina jina. Mwembe ukipakwa rangi huuzwa kwa jina la mvule, na mwembe hubunguliwa na wadudu mpaka ukabaki unga.

Mwanaisha: Alisema mbambakofi, Ami.

Fundi Athmani: Mbambakofi mzuri. Lakini mwambie akate kitwa cha ubao mbele yako. Moyo wake una wekundu wa kahawia, huo mchwa hauuwezi kirahisi. Ile sehemu nyeupe ya pembeni haina kinga, na fundi mwenye haraka huigeuza ndani usiione. Kisha ukavu. Ubao mbichi leo wakaa vyema, kaskazi ikivuma viungo vyaachia. Chukua kipande moya, kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke kivulini penye upepo, kipime tena kila siku mbili. Kikiendelea kupungua uzito, mbao bado. Usimkubalie kuanza.

Khalati Rukia: Na hivyo vya kwetu ni vipi hasa? Mvule mwingi watoka Kongo, plaiwudi nyingine Uchina, bawaba Uchina. Serikali iliposimamisha ukataji misituni 2018, yadi zilijaa mbao za Tanzania. Cha kwetu hapo ni mkono wa fundi. Baba yake Mwanaisha ahesabu huo.

Fundi Athmani: Mkono si kitu kidogo, Bi Rukia 😄 Lakini sawa, chuma sitetei. Bawaba nzuri hatutengenezi hapa. Nunua ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, itoke itokako. Nenda dukani na sumaku. Ikinata kwa nguvu kwenye "shaba", ni chuma kilichopakwa rangi, na chumvi ya hapa itakila kabla vanishi haijachujuka.

Famau: Skrubu nazo za shaba?

Fundi Athmani: Naam, ila shaba ni laini, hukatikia ndani ya mbambakofi. Skrubu ya milimita 4, toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3. Ingiza skrubu ya chuma ya kipimo hichohicho, itoe, kisha ndipo utie ya shaba ukiipaka sabuni kavu. Asiyefanya hivi atakatikiwa na vitwa, na kukitoa kilichobaki ndani ni kazi ya kuharibu mlango.

Khalati Rukia: Milango isiwe imezibwa yote. Nguo zitaota ukungu masika. Juu na chini iwe na vipasuo vya kupitisha hewa, na kabati lisiguse ukuta, liachwe vidole vinne. Lisimame kwa miguu.

Mwalimu Shee: Miguu inchi 3. Nimepiga hesabu ya njia ya kati: fremu ya mbambakofi inchi 2 kwa 2, mbavu na mgongo plaiwudi ya milimita 9. Nguzo 4 za futi 6 na inchi 3 ni futi 25. Mataruma, zile mbao za kulala, ya mbele na nyuma 4 ya futi 4 ni futi 16. Ya ubavuni 4 ya futi 2 ni futi 8. Jumla 49, ongeza sehemu ya kumi ya upotevu, futi 54. Plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4: moja itoe mgongo wa 6 kwa 4, ya pili itoe mbavu mbili za 6 kwa 2. Kila moja inabakisha 4 kwa 2, hizo ndizo rafu. Hakuna kinachotupwa. Mbao za milango ni hesabu mbali.

Fundi Athmani: Mwalimu, rafu ya milimita 9 kwa futi 4 itabonyea ukiweka mashuka tu. Tia mwimo katikati, au taruma tini ya rafu mbele na nyuma. Na msumeno wala milimita 3, kwa hiyo mbavu hazifiki futi 2 kamili. Kina kiwe inchi 23 na nusu.

Nuru: Plaiwudi iwe ya kustahimili maji. Mhuri pekee hautoshi. Omba kipande cha kiganja, kichemshe saa kadhaa. Kikiachana tabaka, rudisha. Gundi na vanishi angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Namba ya kibali itume kwa 20023 ukianza na SM#, utajibiwa ni ya nani.

Mwanaisha: Hii inapunguza ile 48,000?

Fundi Athmani: Itapungua, kwa kuwa mbavu na mgongo si mbao nzima. Na milango, usikubali agandishe ubao wa kati kwa gundi. Uingie mfereji wa fremu, uachiwe milimita 2 kila upande upate kutanuka. Ukigandishwa utapasuka katikati, kisha atakwambia ni jua.

Khalati Rukia: Pesa usimpe zote. Mbao nunua wewe mwenyewe ukiwa naye. Ufundi mlipe nusu akimaliza fremu, nusu milango ikifunga bila kusukumwa. Vanishi ije baada ya hapo, maana vanishi huficha mengi.

Famau: Jamani, kuna aliyeuliza litaingiaje? Mwanaisha, mlango wa chumba upana gani?

Mwanaisha: Ngoja... inchi 27. Ila ukitoka ukumbini kuna kona.

Famau: Inchi 23 na nusu inapita mlangoni, kwenye kona haizunguki. Futi 6 na miguu yake ni ndefu.

Fundi Athmani: Basi mbavu mbili aziunde kamili karakanani, mataruma ya mbele na nyuma yafungwe kwa bolti ndani ya chumba. Bolti 8, na washa pana, vile vibati vya duara, kila upande. Mwanangu, pima upana wa hiyo kona pande zote mbili, na kimo cha dari, unitumie kabla hujaenda yadi.